Eneo la Wazi ni la Nani?



Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie jambo ambalo wengine wataliona dogo, na wengine watasema si la Kanisa: mahali pa watoto kuchezea, pa wazee kukaa kivulini na pa majirani kukutana, katika mitaa mipya inayochipuka kila mwaka mkoani mwetu. Wapo watakaouliza ni lini watetezi wa haki na amani waliwaacha wafungwa, wajane na walionyang'anywa mashamba, wakaanza kuhubiri habari za bustani. Tunawaomba wasome hadi mwisho, kwa kuwa sisi wenyewe tulianza tukiwa na shaka hiyo hiyo.

Mtu azungukaye kata za Bweri, Nyakato na Kwangwa pale Musoma ataona jinsi mji ulivyoyameza mashamba ya mihogo na mtama. Huko Bunda, ambako barabara ya Mwanza kwenda Sirari hukutana na ile iendayo Kisorya, nyumba zimepanda hadi miguuni mwa vilima vya Balili. Butiama, alikozaliwa Mwalimu, ni makao makuu ya wilaya tangu wilaya hiyo ilipoanzishwa mwaka 2012, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kinachobeba jina lake kimewekwa huko huko. Penye ofisi na wanafunzi hapakosi wapangaji, na penye wapangaji hapakosi mwenye kukata viwanja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,743,830 katika Mkoa wa Mara. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,372,015. Zaidi ya watu laki sita wameongezeka katika miaka kumi, nao wanahitaji mahali pa kulala. Hatuna ugomvi na nyumba zao. Tunauliza tu watoto wa nyumba hizo watasimama wapi watakapotoka mlangoni.

Katika mtaa mmoja wa pembezoni, ambao hatuutaji kwa sababu shauri lake bado linawahusu watu walio hai, tuliwakuta vijana wakicheza mpira kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajaanza kujenga. Goli moja lilikuwa kati ya bikoni na jiwe, na goli la pili lilikuwa mlango wa pagale la jirani. Tuliwauliza mwaka uliopita walikuwa wakicheza wapi. Wakatuonyesha nyumba yenye bati la bluu. Na mwaka wa kabla yake? Wakatuonyesha nyumba nyingine. Vijana wale wanauzunguka mtaa wao wenyewe kama wakimbizi, wakifukuzwa na kila msingi unaochimbwa, na wote wanajua kwamba siku ikifika gari la mchanga, mchezo umekwisha.

Tulipouliza zaidi, wazee wakatuambia kwamba mchoro wa mtaa ule ulikuwa na eneo la wazi, limepakwa rangi ya kijani kabisa. Tulipotaka kulitembelea eneo lenyewe, tulikuta ukuta na nyumba tatu, moja ikiwa imekwisha kuhamiwa.

Lazima tueleze kidogo jinsi jambo hili linavyotokea, maana waamini wengi hudhani kwamba eneo la wazi huibiwa usiku na mtu mmoja mwovu. Mara nyingi sivyo. Kadiri ya Sheria ya Mipangomiji, Na. 8 ya mwaka 2007, halmashauri ya mji ndiyo mamlaka ya upangaji. Afisa mipangomiji huandaa mchoro unaoonyesha barabara, viwanja vya makazi, mahali pa shule, zahanati, soko, nyumba za ibada, na maeneo ya wazi. Baada ya mchoro kukubaliwa, mpima huja na vyombo vyake na kusimika bikoni. Hapo ndipo mkasa huanzia. Viwanja vya makazi vina mnunuzi, na mnunuzi hulipia upimaji, hati na kodi. Eneo la wazi halina anayelilipia. Kwa hiyo viwanja vya kuuza husimikiwa bikoni kwa haraka, na lile la kijani hubaki kwenye karatasi tu.

Kisha nyasi huota. Baada ya mwaka mmoja watu wa mtaa hutupa takataka pale, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuwakataza. Baada ya miaka miwili nyoka huonekana, na wamama huanza kuogopa kupita jioni. Hapo ndipo hutokea mtu mwema, tena mara nyingi ni mtu anayeheshimika, anayejitolea kulisafisha. Akishalisafisha huweka matofali. Akishaweka matofali huandika barua ya kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi, akieleza kwa ukweli kabisa kwamba eneo hilo lilikuwa jalala na maficho ya wahuni. Nani atampinga? Mtaa mzima unakumbuka jalala, na hakuna anayekumbuka bustani, kwa sababu bustani haijapata kuwapo. Eneo la wazi hufa kwanza kwa kutelekezwa na wengi, ndipo linapozikwa na mmoja.

Hata jina lenyewe linatuponza. Katika masikio ya wengi, kilicho wazi ni kile ambacho hakijapata mwenyewe: kiti kiko wazi, nafasi ya kazi iko wazi, mlango uko wazi, ingia. Laiti wataalamu wetu wangelipa jina lingine, kama uwanja wa mtaa au shamba la wote, pengine mnunuzi angesita kidogo kabla ya kutoa fedha. Tunakiri kwamba hatujui kama jina lingetosha kuzuia tamaa.

Wazazi wetu hawakuwa na mchoro, lakini mahali pa wote walipajua. Wajita na Wakwaya wa kando ya ziwa, Waikizu, Wazanaki na Wakurya, wote walikuwa na malisho ya pamoja, chemchemi ya pamoja, na mti ambao chini yake mashauri yalikatwa. Mahali hapo hapakuwa wazi kwa maana ya kukosa mwenyewe. Palikuwa na wenyewe wengi, na yeyote aliyechomeka jembe pale aliitwa na wazee kabla jua halijachwa. Pale Butiama, msitu wa Muhunda ulio karibu na Mwitongo umesimama hadi leo kwa sababu Wazanaki waliuwekea mwiko. Sisi Wakristo hatuabudu msitu, na baadhi yetu tulifundishwa kuzicheka imani hizo. Lakini ni vema tujiulize kwa unyenyekevu ni miti mingapi imelindwa na mwiko ule, na ni mingapi imelindwa na mihuri yetu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliirithi sehemu ya hekima hiyo. Inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, na inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Tume ya Rais iliyochunguza masuala ya ardhi kuanzia mwaka 1991, chini ya Profesa Issa Shivji, ilitaka kwenda mbali zaidi na kuukabidhi mkutano huo umiliki wa msingi wa ardhi ya kijiji. Serikali haikukubali, na sheria ikaiacha ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hata hivyo, mwanakijiji wa kawaida alibaki na silaha moja: angeweza kusimama mkutanoni na kusema hapana.

Sasa tazameni kinachotokea mji unapopanuka. Kijiji hufutwa na kuwa mtaa. Wananchi hushangilia, kwa kuwa mtaa ni maendeleo: umeme utakuja, lami itakuja, bei ya kiwanja itapanda. Siku hiyo hiyo mkutano mkuu wa kijiji uliokuwa na kauli juu ya ardhi hufikia mwisho wake. Mtaa una mwenyekiti na una mkutano, lakini hauna mamlaka ya kugawa ardhi. Mamlaka hayo yamehamia halmashauri ya mji. Malisho yaliyokuwa ya wote sasa yanaitwa ardhi isiyoendelezwa. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote, na vitongoji vingi vya Bunda na Butiama vimo ndani yake hivi sasa, au vitaingia muda si mrefu. Mahali pa pamoja pasipoandikwa kwenye mchoro wa kwanza wa mji hapatarudi tena, maana hakuna mji tunaoujua uliobomoa nyumba za watu ili kurudisha malisho.

Wapo wanaosema: maskini anahitaji nyumba, hahitaji maua. Hoja hii tumeisikia hata katika vikao vyetu, tena kutoka kwa watu wenye huruma ya kweli, na hatuwezi kuipita kwa dharau. Zaidi ya hayo, ina historia nyuma yake. Dar es Salaam wakati wa ukoloni, uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenganisha makazi ya Waafrika wa Kariakoo na mitaa ya Wahindi, na kwa Wazungu palipandwa miti na kuachwa nafasi kubwa ambayo Mwafrika aliijua kwa kuifyeka tu. Si ajabu kwamba wazee wetu wengi walizoea kuiona bustani kuwa kitu cha bwana mkubwa. Lakini tazameni pia yaliyofuata. Uwanja ule ule wa utengano ndio uliotumiwa na TANU kwa mikutano yake ya kudai uhuru katika miaka ya 1950. Watu wasio na mahali pa kusimama pamoja ni vigumu kusema neno kwa pamoja, na hilo watawala wa kila zama wamelijua.

Na ni nani hasa anayeumia pakikosekana uwanja? Mwenye nyumba ya ghorofa na ua mpana ana miarobaini yake ndani ya ukuta, na watoto wake hucheza humo. Anayeumia ni mpangaji wa chumba kimoja, ambaye ua wake ni kamba ya nguo na karo la maji. Anayeumia ni mama lishe ambaye angepata kivuli cha kuuzia chakula chake. Anayeumia ni mwenye msiba. Kila mmoja wetu amekaa msibani katika mitaa hii na kuona jinsi mambo yalivyo: kiwanja ni kidogo, turubai linafunga njia, wanaume wanakaa juu ya matofali ya jirani, jeneza linapitishwa kwa kuinamishwa kati ya kuta mbili, na pikipiki zinapiga honi kutaka kupita wakati padri anabariki mwili. Tumeuacha mji ujengwe kana kwamba ndani yake hakuna atakayekufa.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alieleza kwamba katika miji mingi sehemu nzuri zenye miti hutengwa kwa ajili ya wachache wenye uwezo, ilhali wanaohesabiwa kuwa si kitu hawazioni kabisa. Kabla yake, mwaka 1991, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha katika Centesimus Annus kwamba zipo mali za wote, mazingira yakiwa mojawapo, ambazo soko peke yake haliwezi kuzilinda, na kwamba kuzilinda ni wajibu wa dola. Soko la viwanja la Bunda halina ubaya kuliko masoko mengine. Linafanya tu kile ambacho soko hufanya.

Maandiko nayo hayako kimya. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 35, Mungu anaamuru Walawi wapewe miji ya kukaa, pamoja na malisho kuizunguka miji hiyo kila upande, tena kwa vipimo vilivyotajwa kwa dhiraa. Na katika kitabu cha Walawi 25:34 tunaambiwa kwamba malisho hayo hayauziki. Nyumba ya Mlawi yaweza kuuzwa na kukombolewa. Malisho ya mji hayauzwi kamwe. Nabii Isaya, sura ya 5, anawalilia ole wale wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, hata isibaki nafasi. Zakaria naye, sura ya 8, alipotaka kueleza Yerusalemu iliyoponywa itakavyokuwa, hakuanza na majengo. Alianza na wazee wenye mikongojo wakikaa njiani, na wavulana na wasichana wakicheza.

Ila tuwe waangalifu, maana Maandiko hayo hayo yana habari ya mfalme aliyetaka bustani. Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, lililokuwa karibu na jumba lake, ili aligeuze kuwa bustani ya mboga, na Nabothi alilipa kwa uhai wake. Twalisema hili kwa sababu ya urasimishaji wa makazi unaoendelea mahali pengi. Pale ambapo watu wamekwisha kujenga bila mpango, kila mmoja huombwa kuachia hatua chache kwa ajili ya barabara, na wengi hukubali kwa moyo mweupe. Lakini uwanja wa watoto huhitaji ardhi kubwa kuliko hatua chache, na mara nyingi macho ya kamati humwangukia mjane mwenye shamba lisilojengwa, au familia ambayo watoto wake wako mbali. Uwanja uliopatikana kwa kumdhulumu mjane hatuutaki. Kama mtaa unahitaji eneo, halmashauri ilinunue kwa fidia ya haki na kwa wakati, au wananchi wachange. Jambo hili lina gharama, na anayewaambia kwamba halina gharama amekwisha kumchagua kimyakimya atakayelipa.

Kwa Musoma kuna habari nyingine, nayo ni njema, kama tutaitumia. Mungu ameuzungushia mji ule maji pande tatu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautaja ukanda wa upana huo huo miongoni mwa ardhi za hatari. Mita 60 kuuzunguka mji! Hakuna mpangaji ambaye angeweza kutuchorea bustani kubwa kuliko hiyo. Mialo ya wavuvi ingebaki mahali pake, wamama wangeendelea kuanika dagaa, na sehemu iliyosalia ingekuwa ya miti na ya miguu ya watu. Badala yake kuta zimeteremka hadi majini sehemu nyingi, na mtoto aliyezaliwa Musoma hulazimika kuzunguka mbali ili aguse ziwa lake. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kufikia kimo ambacho wazee walikuwa hawajakiona tangu miaka ya mwanzo ya 1960, na mwaka 2024 likapanda tena kupita hapo. Wenye nyumba za kando ya maji wanajua ziwa lilifika wapi. Hatufurahii hasara ya mtu yeyote. Tunasema tu kwamba ziwa lenyewe lilikuja kupima upya mita zake, bila kumwuliza mtu hati.

Huko Bunda tatizo la maji hutoka juu. Mvua za masika hushuka kutoka vilimani, na zamani ziliingia ardhini kwenye malisho na mashamba. Sasa zinakuta mabati, saruji na njia zilizokanyagwa zikawa ngumu kama sakafu, kwa hiyo hukimbilia kwenye nyumba za chini, ambazo kwa kawaida ndizo za watu wenye kipato kidogo. Eneo lenye nyasi na miti katikati ya mtaa hunywa maji hayo. Hilo halihitaji mtaalamu kutoka mbali. Mkulima yeyote aliyelima matuta analifahamu.

Sasa tuje kwetu wenyewe, na sehemu hii tunaiandika kwa aibu. Katika kuulizauliza kwetu tumegundua kwamba miongoni mwa waombaji wa maeneo ya wazi, nyumba za ibada si wachache. Sisi Wakatoliki tumo, ndugu zetu wa madhehebu mengine wamo. Hoja yetu huwa tayari: waamini wameongezeka, kigango kiko mbali, Neno la Mungu ni muhimu kuliko mpira. Kiongozi wa mtaa humkatalia mfanyabiashara kwa urahisi kidogo, lakini atamkataliaje padri au mchungaji? Ipo parokia moja, hatuitaji, ambayo ilipewa eneo lililokuwa uwanja wa watoto. Ilijenga kanisa zuri kwa michango ya waamini, ikazungusha ukuta, ikaweka lango na mlinzi. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanaoimba humo Dominika asubuhi ndio wale wale waliofukuzwa pale Jumatatu hadi Jumamosi. Hatukuweza kupata namna ya kulieleza jambo hili likasikika vizuri.

Mchoro wa mji hutenga mahali pa nyumba za ibada mbali na maeneo ya wazi. Kama mahali hapo pamejaa au pameuzwa, ugomvi wetu na uwe juu ya hilo, wala tusiugeuze kuwa ugomvi na watoto. Na pale ambapo tumekwisha kujenga, hatusemi kanisa libomolewe. Twasema lango lifunguliwe.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia katika mateso ya namna hii, na pia katika ujasiri. Mwaka 1989 watawala wa wakati ule walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mama Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyeweza kusikiliza, akatukanwa bungeni, lakini wafadhili walijitoa na jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Msitu ule upo hadi leo, na wakazi wa Nairobi hutembea ndani yake. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na mwaka huo huo tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u ikatoa taarifa yake juu ya ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria nchini humo. Tunawakumbusha haya kwa sababu wengi wetu tuna tabia ya kusema kwamba wakubwa wakishaamua basi yamekwisha. Silaha ya kwanza ya mama yule ilikuwa barua, na kila jumuiya yetu ina mtu anayejua kuandika barua.

Basi tunaomba mambo yafuatayo yafanyike, tena kabla mvua za masika hazijaja. Kila jumuiya ichague watu wawili, mmoja akiwa mama, waende kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kuuliza mchoro wa mtaa wao uko wapi. Wakiambiwa uko halmashauri, waende halmashauri. Waende kwa heshima, maana maafisa wengi ni waamini wenzetu, nao hufanya kazi katika mashinikizo tusiyoyaona. Wengine watafurahi kupata wananchi wa kusimama nyuma yao. Waulize maeneo ya wazi ni mangapi, yako wapi, na kama yana bikoni. Kisha warudi wayakanyage kwa miguu yao. Eneo litakalokutwa bado lipo lisafishwe na wanamtaa wote, Wakristo na Waislamu pamoja, na lipandwe miti mipakani: miarobaini, mikwaju au mikuyu, miti isiyohitaji kubembelezwa na jua la huku kwetu. Vijana wa VIWAWA waweke magoli ya kweli. Mti na goli ni ushahidi ambao mwenye matofali hawezi kuukana kwa urahisi. Baada ya hapo ombi lipelekwe kupitia kwa diwani, ili eneo lipimwe na lisajiliwe kwa matumizi ya umma. Na asiwepo muumini, hata awe mfadhili mkubwa wa parokia, atakayenunua kiwanja huku akijua kwamba kilikuwa cha watoto. Huyo asihesabu kwamba stakabadhi ya dalali imemtakasa.

Wale ambao vitongoji vyao bado ni vijiji, hasa upande wa Butiama, wana nafasi ambayo watu wa mjini wameipoteza. Itisheni mkutano mkuu wa kijiji sasa, ardhi ya pamoja ikubaliwe na iandikwe kwenye kumbukumbu, ili siku mpima atakapokuja akute mahali pana jina na muhtasari wenye sahihi za watu.

Kuhusu ile parokia yenye lango, baadhi yetu tulikwenda kuonana na halmashauri yake ya walei. Tulipendekeza lango lifunguliwe kila siku kuanzia saa kumi alasiri hadi jua kuzama, na upande wa nyuma wa kanisa uachwe bila kujengwa. Walitusikiliza kwa adabu. Mzee mmoja aliuliza nani atalipa vioo vikivunjwa na mpira. Mama mmoja wa WAWATA akajibu kwamba vioo vya nyumba yake vimevunjwa mara mbili tangu watoto walipohamia barabarani, na hakuna aliyewahi kumwuliza nani atalipa. Kikao kiliahirishwa bila uamuzi. Kitakaa tena mwezi ujao, nasi tutakuwapo.